Namna ya Kufunga Inveta Katika Gari la Kambi na Kubadilisha Vyanzo vya Umeme kwa Usalama

Inveta hupokea umeme wa mkondo mnyoofu kutoka kwenye betri, kwa kawaida volti 12, na kuutoa ukiwa mkondo geu wa volti 230, au volti 120 katika magari yanayofuata mfumo wa Marekani. Katika gari la kambi, yaani gari lililotengenezwa liwe chumba cha kulala na kupikia safarini, inveta ndiyo inayowezesha birika, kompyuta au mashine ya kusagia kufanya kazi mahali pasipo na umeme wa kuchomeka. Wengi wanaojifungia wenyewe huuogopa upande wa volti 230, na wana haki ya kuuogopa, kwa kuwa unaua. Lakini upande wa volti 12 huuchukulia kama jambo la redio na taa, ilhali huko ndiko hupita mkondo mkubwa kuliko wowote garini, ukiacha ule wa kuwashia injini. Volti 12 haikurushi ukiigusa kwa mkono mkavu, inaunguza. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo mawili: viungo vya waya mnene wa betri, na swichi inayoamua ni chanzo kipi kinacholisha soketi. Mengine yote yanasahihishika baadaye, lakini hayo mawili yakikosewa hayatoi nafasi ya pili.

Hesabu kabla ya kununua

Andika vifaa unavyokusudia kutumia na wati za kila kimoja, kisha tazama vile vitakavyowashwa kwa pamoja. Kompyuta ya mapajani hula takriban wati 60. Birika la umeme la kawaida hufika wati 2,000. Maikrowevu inayotangazwa kuwa ya wati 800 huvuta zaidi ya wati 1,100, kwa kuwa zile 800 ni nguvu inayoingia kwenye chakula, si ile inayotoka kwenye soketi. Vifaa vyenye mota huhitaji nguvu ya ziada kwa nukta chache za kuanza, na ndiyo maana kila inveta huandikwa viwango viwili: kile inachoweza kukistahimili muda wote, na kile cha kupanda kwa muda mfupi. Chagua kwa kiwango cha kwanza. Kile cha pili ndicho kinachochorwa kwa herufi kubwa kwenye kasha, na mnunuzi asiye makini hupeleka nyumbani inveta ya wati 1,000 akidhani amenunua ya 2,000.

Baada ya hapo gawanya wati kwa 12, ukikumbuka kwamba inveta nzuri hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kama joto. Wati 2,000 kwenye soketi huwa ampea 8.7 tu kwa volti 230, lakini upande wa betri huwa takriban ampea 185, na zaidi ya hapo volti ya betri ikishuka. Hesabu hii ndiyo inayoamua unene wa waya, ukubwa wa fyuzi na hata aina ya betri. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, yaani inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa 100, huwa na ubao wa ulinzi ndani yake, na nyingi za ukubwa huo huruhusu mkondo wa ampea 100 tu utoke kwa mfululizo. Ukiiunga na inveta ya wati 2,000 na kuwasha birika, ubao utakata umeme wote mara moja, na mwenye gari atadhani inveta ni mbovu. Betri ya risasi na asidi haina ubao wa kukata, lakini ikivutwa kwa kasi hiyo volti yake huanguka na uwezo wake halisi hupungua sana. Isitoshe, haifai kuishusha chini ya nusu ya chaji yake mara kwa mara kama unataka idumu.

Kuhusu umbo la wimbi, yaani jinsi volti ya mkondo geu inavyopanda na kushuka, ushauri wangu hauna masharti: nunua inveta ya wimbi safi. Zile za wimbi lililokatwakatwa ni za bei rahisi zaidi, lakini mota hupata joto na kunguruma, baadhi ya chaja huharibika, na vifaa vyenye vipima muda huchanganyikiwa.

Ni vyema pia kujua gharama halisi ya unachokiwasha. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji takriban wati-saa 93. Ukijumlisha upotevu wa birika na wa inveta, betri hutoa karibu ampea-saa 9 au 10. Hilo ni jambo linalovumilika. Kinachomaliza betri kimyakimya ni inveta kubwa iliyoachwa imewashwa bila kazi: ikila ampea 1 tu kwa ajili ya kujiendesha, kwa siku nzima imekunywa ampea-saa 24, robo ya betri ya 100, bila hata taa moja kuwaka.

Mahali pa kuiweka

Inveta ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa kuwa waya mwembamba wa volti 230 ndio wa kurefushwa, si waya mnene wa volti 12. Isiwekwe ndani ya sanduku moja na betri ya risasi na asidi, ambayo hutoa hidrojeni inapochajiwa. Cheche moja ya swichi inatosha kuilipua gesi hiyo. Iachie nafasi ya kupumua pande zote kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, matundu ya feni yasielekee kwenye blanketi wala nguo, na ifungwe kwa skrubu kwenye ubao imara. Gari likifunga breki ghafla, boksi la kilo kadhaa lisilofungwa huruka.

Tena, inveta kubwa iungwe kwenye betri ya matumizi ya ndani, kamwe si kwenye betri ya kuwashia injini. Betri hizo mbili zichajiwe zote na alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, kupitia chaja maalumu iliyo katikati yake, ili birika la jioni lisiwe sababu ya gari kukataa kuwaka asubuhi.

Waya, fyuzi na viungo

Ukinzani wa shaba ni takriban omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita 1 ya mraba. Kwa namba hiyo moja unaweza kukadiria kila kitu. Tuseme inveta ya wati 2,000 iko mita 4 kutoka kwenye betri, na umetumia waya wa milimita 35 za mraba. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabiwa ni mita 8, na ukinzani ni omu 0.004. Ampea 185 zikipita humo, volti 0.74 hupotea njiani na waya wenyewe hugeuka hita ya wati 137 iliyofichwa nyuma ya kabati. Sogeza inveta hadi mita 1 na utumie waya wa milimita 70, upotevu unashuka hadi volti 0.09 na joto hadi wati 17. Kwa njia fupi namna hiyo, milimita 70 kwa wati 2,000 na milimita 35 kwa wati 1,000 ni viwango vinavyofaa, lakini jedwali la mtengenezaji wa inveta yako likitaja waya mnene zaidi, lifuate hilo. Waya uwe wa shaba tupu, wenye nyuzi nyingi nyembamba, unaopindika. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao ukiukata na kuukwaruza kwa kisu huonyesha weupe ndani.

Fyuzi huwekwa kwenye waya chanya, karibu na betri, ndani ya takriban sentimita 20 kutoka kwenye nguzo yake, yaani ncha inayoungiwa waya. Kazi yake ni kuulinda waya. Inveta ina ulinzi wake yenyewe. Waya usio na fyuzi kati yake na betri, ukichubuka kwenye ukingo wa bati na kugusa bodi ya gari, hakuna kitakachousimamisha mpaka uyeyuke. Kwa kipimo, chukua mkondo wa juu wa mfululizo uuzidishe kwa 1.25, kisha upande hadi saizi ya fyuzi inayofuata: ampea 185 huleta 231, kwa hiyo 250, inveta ya wati 1,000 huishia kwenye 125. Hakikisha waya nao unaweza kubeba kiasi hicho, kwa sababu fyuzi kubwa juu ya waya mwembamba ni pambo. Na kama betri ni ya lithiamu, tazama pia uwezo wa fyuzi kukata. Shoti ya betri ya namna hiyo hufika maelfu ya ampea, na fyuzi dhaifu inaweza kuungua huku mkondo ukiendelea kuruka ndani yake. Fyuzi za aina ya Mega kwa kawaida hukata hadi ampea 2,000. Za aina ya T hufika ampea 20,000, nazo ndizo ninazoziamini kwa lithiamu.

Baada ya fyuzi iwe swichi kuu ya betri, yenye kiwango kisichopungua cha fyuzi. Swichi hii ni ya kutenganisha, si ya kuzimia inveta ikiwa na mzigo.

Sasa viungo. Lagi, kile kichwa cha chuma chenye tundu kinachovishwa mwisho wa waya, ibanwe kwa koleo la kubania lagi lenye taya za saizi yake, la mkono mrefu au la hidroliki. Nyundo na patasi hubonyeza upande mmoja tu na kuacha hewa kati ya nyuzi. Ukimaliza, vuta lagi kwa nguvu zote za mikono. Ikisogea hata kidogo, ikate uanze upya. Kisha funika shingo yake kwa mpira unaojikaza kwa joto. Kwenye nguzo ya betri au ya inveta, lagi ndiyo itangulie, igusane uso kwa uso na nguzo. Juu yake ndipo ije washa bapa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati, kisha washa ya springi, kisha nati. Nilipata kuitwa kutazama inveta iliyokuwa ikilia mlio wa betri dhaifu kila birika lilipowashwa, ingawa betri ilikuwa imejaa. Betri ilikuwa nzima, waya ulikuwa mnene wa kutosha, fyuzi ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa washa moja ya chuma iliyowekwa chini ya lagi badala ya juu yake: plastiki ya mlango wa inveta, pale waya unapoungwa, ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia na kulainika kama nta, na lagi ilikuwa na duara jeusi lenye ukubwa uleule wa washa. Hesabu inaeleza sababu. Ukinzani wa elfu moja ya omu, ambao mita nyingi za mkononi haziwezi hata kuusoma, ukipitiwa na ampea 185 hutoa joto la wati 34 mahali padogo kama sarafu. Fundi redio huyeyushia risasi kwa kifaa cha nguvu kama hiyo.

Kabla ya kushika spana, vua pete, saa na mkufu. Pete ikigusa spana iliyo kwenye nguzo chanya na bodi ya gari kwa wakati mmoja, huwa nyekundu ikiwa bado kidoleni. Zungushia spana mkanda wa umeme, ukiacha mdomo wake tu wazi, na uunge waya hasi wa betri mwisho wa kazi yote.

Upande wa volti 230

Boksi la inveta liungwe kwa waya wa ethi kwenye chasisi ya gari, kwa unene uliotajwa katika kitabu chake. Kama soketi ni zaidi ya ile iliyo kwenye inveta yenyewe, umeme upite kwanza kwenye sakiti breka na kwenye kikata-uvujaji cha miliampea 30, kile kinacholinganisha mkondo wa laivu (waya unaoleta umeme) na wa nyutro (waya unaourudisha) na kukata pindi tofauti inapozidi kiwango hicho.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wa nyumba hulikosea. Kikata-uvujaji hufanya kazi tu ikiwa umeme unaovuja una njia ya kurudi kwenye chanzo chake. Katika nyumba, nyutro imeunganishwa na ethi, kwa hiyo njia ipo. Inveta nyingi ndogo hazina muungano huo. Nyutro yake inaelea, na kikata-uvujaji kilichofungwa mbele yake hukaa pale kama kinyago. Inveta kubwa zaidi huwa na skrubu, waya mfupi au relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya ndani ya kuunganisha nyutro na ethi. Soma kitabu chake kabla ya kugusa chochote, kwa maana ziko inveta, hasa za bei nafuu, ambazo ukiunganisha nyutro yake na ethi kwa mkono wako zinaungua hapohapo. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme wa nyumba, sehemu hii umpe fundi aliyesajiliwa, nawe ubaki na upande wa betri. Katika nchi nyingi sheria yenyewe inadai hivyo.

Kubadilisha kati ya inveta na umeme wa nje

Gari linalofika mahali penye umeme wa kuchomeka huwa na vyanzo viwili, na kanuni ni moja: visikutane kamwe, hata kwa sehemu ya nukta. Inveta isiyotengenezwa kwa ajili hiyo, ikikutana na umeme wa nje kwenye waya mmoja, mawimbi yao hayalingani, na inayoungua ni inveta. Jambo la pili ni baya zaidi. Inveta inayolisha soketi inaweza kurudisha umeme kwenye kebo ya nje, na meno ya plagi uliyoishika mkononi yakawa na volti 230.

Njia rahisi na ya kuaminika ni swichi ya kuzungusha yenye nafasi tatu: umeme wa nje, sufuri, inveta. Ikate laivu na nyutro kwa pamoja, si laivu peke yake, ili muungano wa nyutro na ethi ulio kwenye inveta usibaki umeungwa gari linapotumia umeme wa nje, ambao muungano wake uko kwenye chanzo chake. Iwe ya aina inayoachia chanzo cha kwanza kabla ya kushika cha pili, na kiwango chake kisiwe chini ya breka ya umeme wa nje. Nafasi ya sufuri katikati ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana: vidole vinahisi kituo, na mkono unapumzika hapo nukta moja kabla ya kuendelea. Zima vifaa vikubwa kwanza, zungusha hadi sufuri, kisha endelea.

Swichi ya kujibadili yenyewe hutumia relei inayovutwa na umeme wa nje unapofika. Nzuri husubiri nukta kadhaa umeme utulie ndipo ibadilishe. Inveta zenye chaja ndani yake hufanya kazi hii zenyewe, nyingi kwa chini ya milisekunde 20, kiasi kwamba kompyuta haizimiki. Kwa anayeanza kujenga gari jipya, hicho ndicho kifaa ningekichagua, kwa kuwa kinaondoa viungo vingi ambavyo mtu angevifunga kwa mkono.

Kwa mifumo ya vifaa vilivyotengana, liko kosa moja ambalo halitoi moshi wala mlio, nalo ni kuifunga chaja ya betri kwenye soketi zinazolishwa na swichi. Ukizungusha hadi inveta, betri inalisha inveta, inveta inalisha chaja, na chaja inairudishia betri ileile, huku kila hatua ikipoteza sehemu yake. Chaja inayotoa ampea 20 kwa volti 14 huhitaji wati 280. Kupitia upotevu wa chaja na inveta, betri inatoa karibu wati 365 ili irudishiwe hizo 280. Pengo hilo ni takriban ampea-saa 7 kila saa, na usiku mmoja unatosha kuikausha betri bila mtu kutumia chochote. Chaja iungwe kabla ya swichi, upande wa umeme wa nje tu, pamoja na hita ya maji na chochote kingine kizito ambacho hakina haki ya kula betri. Na usijaribu kamwe njia ya mkato ya kuchomeka soketi ya inveta kwenye mlango wa umeme wa nje wa gari kwa kebo yenye plagi mbili.

Kuiwasha kwa mara ya kwanza

Pima volti ya betri kwenye milango ya inveta kabla ya kukaza waya wa mwisho, na utazame alama ya jumlisha na ya kutoa mara mbili. Kuzigeuza huiharibu inveta papo hapo, na dhamana huwa hailipi kosa hilo. Ndani ya inveta kuna kapasita kubwa, sehemu zinazohifadhi chaji, zikiwa tupu, ambazo hunyonya mkondo mkali mno pindi zinapoungwa, na hiyo ndiyo sababu ya cheche kubwa inayowashtua watu. Ili kuiepuka, zima swichi kuu, kisha shikilia rezista (kipande kinachopunguza mkondo) ya takriban omu 30 yenye nguvu ya kutosha kati ya milango miwili ya swichi hiyo kwa nukta chache, halafu washa swichi mara tu unapoiondoa rezista.

Utaratibu wa kila siku ni huu: swichi kuu kwanza, kisha kitufe cha inveta, subiri taa yake itulie, ndipo uwashe vifaa, kimoja baada ya kingine. Kuzima ni kinyume chake, vifaa kwanza na swichi kuu mwisho. Inveta ikifichwa kabatini, funga swichi ya mbali mahali ambapo mkono unafika ukiwa kitandani, kwa sababu kitufe kisichofikika hakizimwi. Kama inveta inaruhusu kupanga volti ya kujizima, ipandishe: nyingi hutoka kiwandani zikikata karibu na volti 10.5, na hapo betri ya risasi imekwisha kuumia.

Anza jaribio kwa taa ndogo, kisha mzigo wa wati mia chache, kisha mkubwa kuliko wote utakaoutumia, uuache kwa dakika 10. Soma volti kwenye nguzo za betri na kwenye milango ya inveta wakati mzigo unafanya kazi. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibaya au waya mwembamba. Bonyeza kitufe cha kujaribu cha kikata-uvujaji ukiwa kwenye inveta, na tena ukiwa kwenye umeme wa nje. Kisha zima kila kitu, pamoja na swichi kuu, na uguse kila lagi, kila mlango wa fyuzi na swichi yenyewe. Kilicho vuguvugu kinakubalika. Kile kinachokufanya uondoe mkono kifunguliwe, kisafishwe na kukazwa upya kwa kiasi cha nguvu ya kukazia kilichoandikwa kwenye kitabu. Rudia ukaguzi huo baada ya wiki ya kwanza ya safari, kwa kuwa shaba hubonyea chini ya nati na barabara mbovu hulegeza kilichobaki.